Kiholanzi: Mpaka na Mkazo

Kiholanzi huunganisha nomino bila kuacha nafasi, na mkazo kwa kawaida huangukia sehemu ya kwanza: voordeur, mlango wa mbele, hutamkwa VOORdeur. Stadhuis, jumba la manispaa, huenda kinyume: mkazo uko mwishoni.

Mstari ukijaa, neno hukatwa pale sehemu zake zinapokutana. Val-kuil ni shimo la mtego. Ukikata valk-uil, umewaunganisha kozi na bundi. Mpaka ukihama, mkazo nao huhama: massagebed yenye mkazo kwenye -sa- ni kitanda cha kukandia (massage-bed). Mkazo ukiwa kwenye mas-, ni sala ya umati (massa-gebed).

Mswahili anayetofautisha baRAbara na baraBAra ana sikio la kazi hii. Anayejifunza Kiholanzi aanze kwa kutafuta mpaka, ndipo aweke mkazo.