Nani anafungua ubua?

Mahindi yakiisha kuvunwa, mabua yanabaki yamelala shambani. Ng'ombe anatafuna majani, shina anaacha. Halafu wengi wetu tunatia moto, na kazi imekwisha. Lakini ndani ya ubua chakula kimo. Mbona mnyama hakipati? Jibu lake lilichukua miaka mingi, nasi tutalieleza tangu mwanzo.

Mwaka 1813 Augustin Pyramus de Candolle, mtaalamu wa mimea aliyezaliwa Geneva, alitoa jina la lignini, kutoka neno la Kilatini lignum, maana yake mti. Mwaka 1838 Mfaransa Anselme Payen alitia vipande vya mti katika asidi kali. Akaona kwamba mti si kitu kimoja: zimo nyuzi nyeupe, tunazoziita selulosi, na kipo kitu kingine kinachozishika na kuzifunika. Tufikirie nyumba ya fito na udongo. Selulosi ni fito. Lignini ni udongo uliokandikwa juu yake. Katika tumbo la ng'ombe wamo viumbe vidogo sana wawezao kuvunja fito hizo, lakini udongo unawazuia kuzifikia.

Basi ni nani awezaye kubandua udongo huo? Wafugaji wa kusini ya Chile, katika misitu yenye mvua nyingi, walikuwa wamekwisha kumwona. Magogo yaliyoanguka huko yanaoza, yanakuwa meupe na laini, na ng'ombe wanayala. Watu wa huko wanayaita palo podrido, yaani mti uliooza. Mwaka 1893 Federico Philippi, mtaalamu wa mimea wa nchi ile, aliandika habari hiyo. Kumbe kuvu ilikuwa imekula lignini, ikaacha selulosi wazi.

Lakini si kila kuoza ni kumoja. Mwaka 1927 huko Ujerumani Richard Falck na mwenzake Haag walitenga namna mbili. Kuvu za namna ya kwanza zinakula selulosi na kuacha lignini. Mti unakuwa wa rangi ya kahawia na kukatika-katika. Za namna ya pili zinavunja lignini, nao mti unageuka mweupe. Hizo za pili ndizo rafiki za mfugaji.

Kutoka gogo wataalamu wakafika kwenye mabua. Mwaka 1977 František Zadražil, aliyefanya kazi Ujerumani, alieleza jinsi ya kugeuza mabua makavu ya ngano kuwa malisho kwa njia ya uyoga. Alionyesha vile vile kwamba kuvu hazilingani: moja inafanya mabua yayeyuke vizuri tumboni, nyingine inayaharibu zaidi. Tena kuvu haifanyi kazi bure. Inajilipa kwa kula sehemu ya mabua yenyewe.

Mwaka 1983 ndipo siri ya kazi yake ilipofunuliwa. Makundi mawili ya wataalamu wa Marekani, moja Wisconsin na moja Oregon, yaligundua kimeng'enya, yaani kitu ambacho kuvu inakitoa mwilini mwake ili kuvunjia lignini. Tangu Philippi kuandika ilikuwa imepita miaka 90.

Nasi tujifunze nini? Kwanza, tusidharau macho ya mchungaji. Aliona kazi ile kabla ya wenye vyombo kuieleza. Pili, tujihadhari. Mabua yaliyoota ukungu wa hovyo tusimpe mnyama, kwa maana ukungu mwingine una sumu. Aina ya kuvu ni lazima ichaguliwe. Tatu, tuyatazame mabua yetu upya. Uyoga unaolimwa wa jamii ya Pleurotus unaota vizuri juu ya mabua yaliyokatwa-katwa na kuchemshwa. Tukiisha kuuchuma, yale yanayobaki ni mbolea nzuri ya bustani. Lakini ubua tuliouchoma umetupa nini? Jivu kidogo tu, na moshi machoni.