Mwiko

Mwiko hutumika kusongea ugali. Mwiko pia ni kile mgonjwa anachokatazwa kula. Katika mlo wa keto, wenye mafuta mengi na wanga kidogo sana, ugali wenyewe ndio mwiko, pamoja na wali, chapati na chai ya sukari. Dkt. Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, aliupendekeza mlo huo mwaka 1921 kwa wagonjwa wa kifafa. Kipimo kikali cha mlo huo ni gramu 4 za mafuta kwa kila gramu 1 ya protini na wanga kwa jumla. Hata sukari iliyomo kwenye dawa ya kikohozi huhesabiwa! Mlo huu hupewa hasa watoto ambao dawa hazijawazuilia kifafa. Mzazi, usiuanze bila daktari, wala usimwachishe mtoto dawa zake.