Kodi ya Nyumba na Jina la Mwenye Nyumba

Kikundi kimetimiza miaka kumi, na wengi wetu tumekopa humu kununua bati, saruji na matofali. Kwa hiyo nimeona niandike kidogo historia ya kodi ya nyumba, maana inatuhusu sana.

Mjerumani alitoa amri ya kodi ya nyumba mwaka 1897. Nyumba ya shamba ilitozwa rupia 3 kwa mwaka, na asiyekuwa na fedha alilipa kwa mazao au kwa kufanya kazi. Alipokuja Mwingereza naye akatunga sheria yake ya kodi ya nyumba na ya kichwa mwaka 1922. Mume mwenye wake wengi alilipia na nyumba za wale wake wengine. Hebu tazameni: anayesiriba nyumba ni mama, anayewasha moto ni mama, lakini daftarini mwenye nyumba ni baba. Mama alihesabiwa kwenye kodi tu, kwenye mali hakuhesabiwa.

Hata hivyo wanawake hawakukaa kimya. Kule Upare watu waligomea kodi iliyoitwa mbiru mwaka 1945, na mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao wakaandamana kudai jibu kwa bwana shauri. Mwishowe kodi ile ilifutwa.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilisema mke anaweza kumiliki mali yake kama mume. Sheria za ardhi za mwaka 1999 nazo zikampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi. Lakini Sheria ya Ndoa inasema pia kwamba mali iliyoandikwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa ni ya huyo mmoja, mpaka ithibitishwe vingine. Ikiandikwa majina yote mawili, huchukuliwa kuwa ni yao sawa kwa sawa.

Tuje kwenye kodi ya majengo. Agosti 2021 ilianza kukatwa kwenye LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikawa 1,500. Mzee wa miaka 60 na zaidi anasamehewa kwa nyumba yake anayoishi. Ila msamaha haujileti wenyewe jamani! Lazima uonyeshe umri wako, na uonyeshe kwamba nyumba ni yako.

Hapo ndipo alipokwama mwenzetu mmoja, mjane aliyevuka miaka 60. Mkopo wa bati aliurejesha mwenyewe humu kikundini. Alipoomba msamaha akaambiwa karatasi ina jina la marehemu, na mirathi haijafunguliwa. Mtu atasema 1,500 ni kitu gani? Lakini karatasi hiyo hiyo ndiyo mashemeji wanayoishika wakisema nyumba ni ya ukoo.

Basi ombi langu kwa miaka kumi ijayo ni hili. Mama akija kukopa kwa ajili ya nyumba, tumwulize wadhamini wake, halafu tumwulize na karatasi ina jina la nani. Na wajane wasikawie kufungua mirathi. Tukienda wawili watatu kumsindikiza mwenzetu, hataogopa meza ya karani.



Mwenyekiti wenu