Simiti Haikauki: Historia Iliyo Chini ya Daraja la Kilifi

Ukipita Daraja la Kilifi lazima utoe simu upige ule mkono wa bahari. Sawa. Lakini historia kali zaidi iko chini, kwa jiwe na maji.

Tumezoea kusema simiti "imekauka". Si kweli. Simiti haikauki, inashika. Inakunywa maji na kugeuka jiwe, ndiyo maana fundi humwagilia slabu siku kadhaa. Kwa hivyo hata baharini inashika.

Sasa cheki magofu ya Mnarani, pale juu ukingo wa kusini, karibu na daraja. Wazee wetu walichoma mawe ya matumbawe wakapata chokaa, wakajenga misikiti na makaburi ya nguzo, hapo na kule Gede. Karne nyingi baadaye, kuta bado zimesimama. Lakini chokaa hiyo inahitaji hewa ndiyo igande. Ndani ya maji, hapana. Warumi walitatua hilo kwa kuongeza majivu ya volkano. Sisi tulivuka kwa vyombo, kisha kwa feri, mpaka daraja lilipofunguliwa 1991.

Kilichobadilika ni moto na udongo. Mwaka 1824 Joseph Aspdin, fundi wa Uingereza, alisajili simiti ya kuchoma chokaa pamoja na udongo. Kiwanda cha Bamburi kilipoanza kazi 1954, kilichimba matumbawe yale yale ya Pwani, yakachomwa kwa joto la karibu digrii 1,450.

Kazi ngumu ni kuifikisha chini. Ukimwaga zege majini hivi hivi, maji yanaosha simiti, unabaki na mchanga na kokoto. Kwa hivyo linashushwa kwa bomba refu, na mdomo wa bomba unabaki umezama ndani ya zege bichi. Zege jipya linasukuma kutoka ndani, maji yanapanda juu. Mpiga mbizi huko chini anakagua fomu, anaziba mianya, mara nyingine kwa kupapasa tu kwa sababu haoni kitu. Na akikaa sana kwenye kina kisha apande haraka, naitrojeni inatoa mapovu mwilini. Inaweza kumpoozesha, hata kumuua.

Shuleni nguzo tuliyofundishwa ni ile ya Vasco da Gama, Malindi. Nguzo zinazobeba matatu zetu kila siku, kimya.

Na hizo hazijamaliza safari. Chumvi ikipenya zege, chuma ndani kinapata kutu, kinavimba, zege linapasuka. Lazima mtu ashuke kuangalia. Vijana wa Kilifi na Malindi wanazamia pweza na kamba kwa pumzi zao wenyewe. Bahari wanaijua. Hawana mafunzo ya kuzamia kwa mitungi na mabomba ya hewa, wala vyeti, na hivyo vinagharimu pesa ndefu.

Basi nyinyi mnaogawa basari za kaunti: mpiga mbizi wa ujenzi ni fundi pia. Mwekeni kwenye orodha.