Kabla Hujatukana Mtu wa Nduthi, Sikiza Hii Story

Simu iliingia saa mbili usiku. Nilikuwa Embu kwa mathe, natengeneza video, na namba siijui.

"Wewe ndio ndugu ya huyu jamaa wa nduthi? Kuja Meru. Amegongwa."

Nilipata matatu ya mwisho. Tukapita Runyenjes, tukapita Chuka, tukateremka Nithi polepole, pale darajani ambapo Julai 2022 basi lilitumbukia na watu zaidi ya 30 wakafa. Hakuna mtu aliongea mpaka tukapanda ng'ambo.

Hospitalini nilikuta wasee kumi na wawili wamekaa kwa ukuta nje, rifleta bado mwilini. Walikuwa wameshachanga shilingi elfu kumi na nne kwa simu, depositi imelipwa, mmoja anazunguka akitafuta damu. Bro alikuwa amevunjika mguu mahali pawili lakini alikuwa hai. Mimi ndio nilikuwa mgeni pale. Wao ndio walikuwa familia.

Halafu mmoja wao akanieleza vile ilienda. Probox ilitoka barabara ya pembeni bila kuangalia, ikamchukua bro ubavuni. Kabla dakika kumi ziishe, nduthi zaidi ya thelathini zilikuwa hapo. Mwenye Probox alikuwa ameshavutwa nje kwa kola, na mtu alikuwa ameshatoa petroli kwa tenki yake akaweka kwa chupa ya soda. Kiberiti kilikuwa kimetoka mfukoni.

Aliyewazuia ni mwenyekiti wa steji, mzee wa miaka hamsini na kitu. Alisukuma nduthi yake mpaka mbele ya ile Probox, akaisimamisha hapo, akauliza: "Nani hapa ana gari ingine?" Kimya. "Basi hii ndio ambulensi. Mkiichoma, mmemchoma huyu kijana." Bro alipelekwa hospitali kwa gari lililomgonga, likiendeshwa na mtu aliyekuwa karibu kuuawa.

Hiyo kitu imekataa kutoka kwa kichwa yangu. Watu haohao, usiku uleule: mkono mmoja unachanga damu na pesa, mwingine umeshika kiberiti. Nimekuwa nikisoma na kuuliza wazee tangu hiyo siku, na naona jibu liko kwa historia. Kwa hivyo tulia kidogo.

Ilianza mpakani

Neno boda boda halikuzaliwa huku kwetu. Lilizaliwa Busia, mpaka wa Kenya na Uganda, miaka ya sitini kuingia sabini. Kati ya geti la Kenya na geti la Uganda kuna mwendo, na gari bila makaratasi haliwezi kuvuka. Vijana wenye baiskeli wakaweka kiti cha sponji nyuma, wakawa wanaita wateja kwa Kiingereza cha mpakani: toka boda mpaka boda. Jina likashika. Ikasambaa Kisumu na miji mingine ya tambarare.

Huku Meru na Embu baiskeli ya abiria haikuwahi kuwa na nguvu hivyo, na sababu ni rahisi. Simama mahali popote kati ya Manyatta na Nkubu uangalie. Ni mgongo wa mlima, bonde, mto, mgongo mwingine. Nani atakanyaga pedali na mama wa kilo themanini na gunia la viazi kutoka mtoni mpaka barabarani? Watu walitembea. Majani chai na maziwa yalibebwa mgongoni. Shosho yangu ananiambia mama akishikwa na uchungu usiku, wanaume walimbeba kwa kitanda mpaka lami, kisha wanaanza kuomba Mungu gari ipite. Wengine walijifungua njiani. Wengine hawakufika.

Weka hiyo picha kando. Tutairudia.

Mstari mmoja wa bajeti

Kati ya 2007 na 2008, Amos Kimunya akiwa waziri wa fedha, serikali iliondoa ushuru kwa pikipiki ndogo, zile za chini ya 250cc. Ni mstari mmoja tu ndani ya hotuba ndefu. Wengi hawakuuskia.

Angalia kilichofuata. Mwaka 2005, pikipiki mpya zilizosajiliwa Kenya nzima hazikufika 5,000. Mwaka 2011 zilipita 140,000 kwa mwaka huo mmoja. Za Uchina zilikuja kwanza kwa wingi, bei ya chini, roho fupi. Kisha Boxer na TVS za India zikatawala, juu zinakula mafuta kidogo, spea iko kila mahali, na fundi yeyote wa shopping center anazijua akiwa amefunga macho.

Kumbuka huo ulikuwa wakati gani. Nchi ilikuwa imetoka kuchomeka baada ya uchaguzi wa 2007. Kila mtu alikuwa anasema vijana bila kazi ni bomu. Serikali ikaleta Kazi kwa Vijana mwaka 2009, wasee wakafyeka nyasi kando ya barabara na kuchimba mitaro kwa muda, kisha ikaishia kwa kelele za nani alikula pesa. Kazi kwa Vijana iko wapi leo? Nduthi bado iko. Ule mstari wa ushuru uliajiri vijana wengi kuliko mradi wowote wenye jina la vijana.

Na yule mama wa kubebwa kwa kitanda? Leo anapigia msee wa steji saa nane usiku, na msee anaamka. Si ambulensi, si salama vile, lakini anafika. Hiyo huduma hakuna kaunti iliipanga.

Miraa, muguka na haraka

Huwezi kuelewa nduthi ya Meru bila miraa. Miraa ni kitu cha haraka. Ikishachumwa, una kama siku mbili kabla iwe takataka. Ndio maana zile pikapu za Maua kwenda Nairobi zinakimbia vile zinakimbia. Lakini kabla pikapu, kuna njia kutoka shamba mpaka soko, pale Muringene, Laare, Kangeta, na njia hiyo ni vumbi, mawe na mteremko wa Nyambene. Nduthi ikaingia hapo kama ufunguo kwa kufuli. Upande wa Embu, kule Mbeere, Kiritiri na Siakago, ni hadithi hiyohiyo na muguka.

Ubaya ni kwamba nduthi ilifungwa kwa zao ambalo wengine wanaweza kulizima kwa kalamu. Juni 2014 Uingereza ilipiga miraa marufuku. Machi 2020 Somalia ikafunga, na haikufungua mpaka Julai 2022. Mei 2024 gavana wa Mombasa akapiga muguka marufuku, Kilifi na Taita Taveta wakafuata, mpaka mahakama ya Embu ikasimamisha hiyo amri.

Kila marufuku ilifanya vitu viwili kwa mpigo. Kijana aliyekuwa anachuma miraa alihamia kwa nduthi, na mteja aliyekuwa na pesa ya miraa akaanza kutembea kwa miguu. Madereva wengi, mifuko mitupu. Ukiona msee anabeba watu watatu na kitanda, usidhani ni ujinga tu. Wengi wako na mkopo wa nduthi wa kulipa kila siku, na ukikosa siku kadhaa, nduthi inachukuliwa. Marufuku ya London haikuahirisha malipo ya mtu yeyote Laare.

Gaaru

Sasa hapa ndio nilishangaa mwenyewe.

Zamani, kijana Mmeru akishatahiriwa hakurudi kulala kwa mama. Alienda gaaru, nyumba ya nthaka, wale wapiganaji vijana. Hapo mlilala pamoja, mlikula pamoja, mlilinda ng'ombe na mipaka pamoja. Mdogo alimheshimu aliyemtangulia. Ukikosea, wenzako ndio walikutia adabu. Kelele ya vita ikilia, hakuna kuuliza ni ya nani. Unatoka.

Sasa angalia steji. Unalipa kuingia. Unasubiri zamu yako kwa laini. Wa juzi ndio anatumwa maji. Kuna mwenyekiti, kuna mweka hazina, kuna shilingi hamsini za chama kila siku, na ukileta nyoko unafungiwa wiki moja. Mmoja akigongwa, hakuna kuuliza. Unatoka.

Wameru walikuwa pia na kitu kinaitwa gichiaro, undugu wa kiapo kati ya koo au jamii ambazo hazikuzaliwa pamoja. Ndugu wa gichiaro akikuja kwako hukumnyima, na hukuinua mkono kwake. Fikiria dereva wa Embu ameharibikiwa na cheni karibu na Nkubu usiku. Nduthi ya kwanza kupita itasimama. Hawajuani. Hakuna anayeiita gichiaro, lakini niambie tofauti.

Sisemi mtu wa steji anajua amerithi hii. Wengi hawajawahi kuskia neno gaaru. Wakoloni walifika Embu 1906 na Meru 1908, kisha kodi, misheni na shule zikaizima polepole. Lakini haja iliyokuwa inajazwa na gaaru haikuzimwa. Kijana bado anatahiriwa Novemba au Desemba, bado anaambiwa sasa wewe ni mwanaume, kisha anaachwa hapo. Mwanaume wa kufanya nini? Mwenye karo anaendelea na shule. Asiye nayo anaonyeshwa klachi.

Na mimi nisijifanye. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Wiki mbili za kwanza nyumbani, mtu pekee aliyeniuliza nimekula ni bro, na watu pekee walioniita nikae nao bila kuniuliza digrii imeenda wapi ni wasee wa steji yake.

Kitu kilipotea njiani

Kwa hivyo kiberiti kilitoka wapi?

Gaaru haikuwa peke yake. Juu ya nthaka kulikuwa na wazee, na juu ya wazee kulikuwa na Njuri Ncheke. Mpiganaji alikuwa na nguvu ya mkono, lakini hakuwa na ruhusa ya kuhukumu. Kesi ilienda kwa watu waliokuwa wametulia, mlalamikaji akaskizwa, mshtakiwa akaskizwa, faini ikatolewa.

Steji imepata nusu ya juu ya gaaru: umoja, mbio, damu moto. Haijapata ile nusu ya kutuliza. Mzee akiwa hapo, kama usiku ule, mnabahatika. Asipokuwa hapo, thelathini wanakuwa polisi, jaji na mnyongaji ndani ya dakika kumi.

Serikali nayo inajua njia moja tu. Machi 2022, baada ya mwanamke kushambuliwa na watu wa boda kule Nairobi, barabara ya Wangari Maathai, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru msako wa nchi nzima. Wasee walishikwa mpaka vijijini, hata wale hawajawahi kukanyaga Nairobi. Siku chache baadaye msako ukasimamishwa. Nani alifunzwa kitu? Sheria ya trafiki iliyorekebishwa 2012 inasema dereva na abiria wavae helmeti na jaketi ya rifleta, na abiria awe mmoja. Ni sheria nzuri. Barabarani imegeuka bei: huna helmeti, unatoa kitu kidogo, unaenda. Wakati huohuo waendesha pikipiki na abiria wao wanakufa zaidi ya elfu moja kila mwaka kwa barabara zetu.

Ukiniuliza mimi, hii haitatengenezwa na msako, na haitatengenezwa na wewe kuandika mtandaoni eti "hawa watu ni wanyama" kisha jioni unaita mmoja akuletee chipo. Itatengenezwa kwa steji yenyewe. Chama tayari kiko. Mwenyekiti tayari yuko. Faini za kuchelewa na za matusi tayari ziko. Ongezeni sheria moja: ajali ikitokea, kwanza majeruhi, pili namba ya gari na picha, tatu polisi, na atakayeshika kiberiti anatoka kwa steji milele. Na kila steji iwe na wazee wawili wa kuitwa kwa simu kabla mkono haujainuliwa.

Steji ya bro imefanya hivyo. Waliandika kwa daftari la chama, ukurasa mmoja na majina ya waliolipa, na kila mtu akaweka sahihi. Niliona yule aliyekuwa na chupa ya petroli akiweka yake. Hakuniangalia, na mimi sikumsemesha.

Mwenye Probox alilipa nusu ya bili, kidogo kidogo, bila kesi. Bro alirudi kwa nduthi baada ya miezi saba. Anachechemea, na baridi ya Julai ikikuja mguu unamuuma. Nilimuuliza kwa nini amerudi. Akacheka. "Unataka niende wapi? Watu wangu wako hapa."

Wewe kwenu steji iko na sheria gani ya ajali? Uliza mwenyekiti kesho asubuhi ukipanda, halafu niambie hapo chini alisema nini.