Taimulapsi ya Mandhari na Anga la Usiku

Taimulapsi ni mbinu ya kutengeneza video ambayo picha mnato hupigwa moja moja kwa nafasi za muda zilizopangwa, kisha huonyeshwa mfululizo kwa kasi ya kawaida ya filamu, hata jambo lililochukua saa, siku au miaka likatazamwa kwa sekunde chache. Kila picha katika mfululizo huo huitwa fremu, na muda unaopita tangu fremu moja ianze hadi inayofuata ianze huitwa kipindi. Jina limetoholewa kutoka Kiingereza. Wapo wanaopendelea kusema “video ya muda uliofupishwa”, nalo linaeleweka vizuri, ingawa wapiga picha wenyewe hawalitumii sana. Mbinu hii haifanani na kupiga video ya kawaida na kuiharakisha baadaye, kwa kuwa hapa kila fremu inaweza kukusanya nuru kwa sekunde 20 au 30, jambo lisilowezekana katika video inayopiga fremu 25 kila sekunde, na bila nuru hiyo nyota nyingi zisingeonekana kabisa.

Historia

Mfaransa Georges Méliès hutajwa mara nyingi kuwa wa kwanza kuitumia mbinu hii katika filamu, mwaka 1897, alipoonyesha pilikapilika za njia panda ya jijini Paris. Wanasayansi hawakuchelewa kuona faida yake. Mwishoni mwa karne hiyohiyo mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Wilhelm Pfeffer, alipiga picha za mimea ikikua na kujipinda, na mwaka 1910 Mwingereza F. Percy Smith akatoa filamu ya maua yanayochanua, iliyowaonyesha watu wa kawaida kwamba mmea nao una mwendo wake. Mandhari na anga zilipata nafasi kubwa katika filamu ndefu ya Koyaanisqatsi ya mwaka 1982, ambayo mpiga picha wake, Ron Fricke, aliongoza baadaye Baraka, filamu isiyo na maneno iliyotoka mwaka 1992 baada ya kupigwa katika nchi 24, zikiwamo Kenya na Tanzania. Kazi za namna hiyo zilihitaji mitambo ya gharama kubwa; kamera za kidijitali ndizo zilizoifikisha mbinu hii mikononi mwa mtu mmoja mwenye begi moja mgongoni.

Hesabu ya kipindi

Kazi nzima husimama juu ya hesabu inayofanywa kabla kamera haijawashwa. Video ya sekunde 30 inayoonyeshwa kwa fremu 25 kwa sekunde huhitaji fremu 750. Zikipigwa kila baada ya sekunde 4, kazi itachukua dakika 50, na zikipigwa kila baada ya sekunde 22, itachukua saa 4 na dakika 35. Mawingu yanayokimbizwa na upepo hutaka kipindi cha sekunde 1 hadi 3, vivuli vinavyotambaa bondeni hutaka sekunde 15 hadi 30, na barafu ya milimani inaweza kupigwa mara moja kwa saa kwa miaka kadhaa. Kipindi kikiwa kirefu mno, mwendo huruka-ruka kama mkanda uliokatika; kikiwa kifupi mno, kadi ya kumbukumbu hujaa kabla jambo lenyewe halijatokea.

Mfano mzuri ni kujaa na kupwa kwa bahari katika pwani ya mashariki ya Unguja, kwenye ufuo kama wa Jambiani, ambako maji hurudi nyuma mbali sana na kuacha wazi mashamba ya mwani. Tangu maji yanapokupwa kabisa hadi yanapojaa hupita takriban saa 6 na dakika 12, na fremu 750 zikipigwa kila baada ya sekunde 30 huchukua saa 6 na robo, hivyo video ya nusu dakika hubeba mjazo mmoja mzima bila kubaki wala kupungua. Ngalawa iliyolala ubavu mchangani huonekana ikitikisika, ikiinuka, kisha ikigeuka kufuata kamba ya nanga yake. Siku zinazofaa ni za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu, ambapo tofauti ya kina katika maji ya Zanzibar hufikia karibu mita 4. Katika siku za maji mafu, ambapo tofauti hiyo huwa ndogo, picha hupoa. Mpiga picha asiyejua kalenda hiyo hana budi kumuuliza mvuvi, na asiposahau kuuliza pia maji hufika wapi, kamera yake itasalimika.

Anga la ikweta

Miongozo mingi ya upigaji picha za usiku imeandikwa na watu wa kaskazini, na msomaji wa Afrika Mashariki anayeifuata neno kwa neno hupotea. Miongozo hiyo humwelekeza kuitafuta Kutubu, nyota ambayo nyota nyingine za kaskazini huonekana kuizunguka, na kupanga picha yake kwa kuifuata. Huko Ulaya Kutubu hukaa juu angani. Kwenye ikweta hugusa upeo wa macho, na kusini zaidi haionekani kabisa. Badala yake ikweta ya anga, yaani mstari wa kudhaniwa unaoligawa anga katika nusu mbili, hupita karibu na utosi, na nyota za mashariki huchomoza wima na kupanda moja kwa moja badala ya kukata anga kwa mshazari.

Matokeo yake huonekana katika urefu wa muda wa kupokea nuru. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo kamera iliyosimama tuli ikiachwa wazi kwa muda mrefu huchora nyota kama vijistari badala ya nukta. Kanuni ya tangu enzi za filamu husema kwamba 500 ikigawanywa kwa urefu wa fokasi ya lenzi kwa milimita hutoa sekunde zinazovumilika, ambapo lenzi ya milimita 20 huruhusu sekunde 25. Kanuni hiyo ni ya ukarimu mno kwa sensa za siku hizi, na kwenye ikweta ya anga, ambako nyota huonekana kwenda kasi kuliko kwingine, sekunde 15 ni salama zaidi. Kamera inayotazama karibu na ncha ya anga, yaani nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka, kinyume chake, hukuta nyota ambazo karibu hazisogei.

Hifadhi ya Amboseli, Kenya, huonyesha hali zote mbili katika fremu moja. Kamera inayoutazama mlima Kilimanjaro kutoka huko huelekea kusini, na ncha ya kusini ya anga iko chini ya nyuzi 3 juu ya upeo wa macho, upande wa kulia wa kilele chake cha Kibo, ikiangukia ubavuni mwa mlima. Nyota za chini huzunguka mahali hapo polepole, kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa, huku za juu zikivuka kutoka kushoto kwenda kulia kwa kasi. Katika miezi ya Juni na Julai kitovu cha Njia Nyeupe, ule ukanda wa nuru hafifu unaotokana na nyota zisizohesabika za galaksi yetu, hupita juu ya mlima karibu na saa 6 usiku, katika makundinyota ya Nge na Mshale. Na kwa bahati hicho ndicho kipindi cha kipupwe, ambapo mvua za masika zimekatika. Mchana ni habari nyingine. Kilele huonekana vizuri alfajiri, lakini jua likishapasha miteremko, hewa yenye unyevu hupanda, hupoa na kuwa wingu, na video ya saa 4 za asubuhi huonyesha mlima ukijifunika shuka lake mwenyewe.

Kupita kutoka mchana hadi usiku katika mfululizo mmoja ndilo jaribio gumu kuliko yote. Kamera inayotazama mandhari ya jua kali hutumia sekunde 1/100, tundu la lenzi la f/16 na usikivu wa ISO 100. Usiku usio na mwezi hutumia sekunde 20, f/2.8 na ISO 3200. Tofauti hizo tatu zikizidishwa, nuru inayohitajika kusawazishwa hufikia takriban mara milioni 2. Kaskazini ya mbali mpiga picha hupewa saa nyingi za kufanya marekebisho hayo, kwani London haipati giza kamili mwezi Juni. Amboseli jua la Juni huzama mnamo saa 12 na nusu jioni, na kabla ya saa 2 usiku giza limekamilika.

Vifaa na uhariri

Vifaa vya lazima ni vichache: kamera inayopangwa kwa mkono, stendi nzito ya miguu mitatu, na intavalometa, yaani kifaa au programu inayoifyatua kamera kwa kipindi kilichowekwa. Fokasi hufungwa na rangi ya nuru hupangwa mara moja, kwa sababu kamera ikiachwa ijiamulie yenyewe, video hupepesa kama taa inayokaribia kuungua. Pwani adui ni umande, unaozuiwa kwa mkanda wa kupasha lenzi joto. Katika kambi ya Barafu ya Kilimanjaro, kwenye mita 4,600 hivi, adui ni baridi inayodhoofisha betri, nazo za akiba huwekwa ndani ya koti. Kamera iliyoachwa peke yake porini haihitaji mwizi: fisi mmoja anatosha.

Picha huhifadhiwa kama faili ghafi, yaani zisizochakatwa na kamera. Kila moja ikiwa na megabaiti 25, fremu 750 huchukua karibu gigabaiti 19. Mhariri husawazisha nuru, hupunguza chenga, kisha huunganisha. Tangu Mei 2019, zilipoanza kurushwa setilaiti za Starlink kwa makumi, amepata kazi nyingine ya kuamua kama mistari inayokata anga ifutwe au ibaki.

Uamuzi huo si wa urembo tu, kwa kuwa picha hizi huweza pia kuwa ushahidi. Mradi wa Extreme Ice Survey, ulioanzishwa na Mmarekani James Balog mwaka 2007, uliweka kamera za taimulapsi mbele ya barafu za Greenland, Iceland na Alaska, na picha zake zimetumika kama ushahidi wa kuyeyuka kwa barafu hizo. Kilimanjaro nayo imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyopimwa mwaka 1912. Kwa hiyo fremu asilia hustahili kuhifadhiwa pamoja na tarehe, mahali na urefu wa kipindi, kwa kuwa video iliyokwisha kuhaririwa hutazamika, lakini haipimiki.