Mtu mmoja na kinga yake jangwani

Wazee walisema: Msafiri maskini, ajapokuwa sultani. Leo tunataka kuwaeleza habari za mtu aliyelijua neno hili kwa mwili wake mwenyewe. Hakuwa sultani, wala askari, wala mjumbe wa serikali. Alikuwa karani, baba wa watoto wawili, naye alipita Afrika yote peke yake muda wa miaka mitano. Alianza safari yake juu ya kinga, au baiskeli kama wengine wanavyosema. Jangwa la Sahara alilipita mara mbili, kwenda na kurudi. Na Kongo yetu vilevile aliiona mara mbili. Jina lake Kazimierz Nowak.

Alikotoka

Nowak alizaliwa tarehe 11 Januari 1897 katika mji wa Stryj. Wakati ule mji huo ulikuwa chini ya mfalme wa Austria. Leo ni mji wa nchi ya Ukraine. Lakini yeye alikuwa Mpolonia. Watu wa Polonia walikuwa taifa pasipo dola: nchi yao iligawanywa na wafalme watatu, nao wakatawaliwa na wageni zaidi ya miaka mia, hata walipopata uhuru wao tena mwaka 1918. Tulishike neno hili, maana litatusaidia kuelewa mambo yanayofuata.

Baada ya vita kuu ya kwanza alikwenda kukaa katika mji wa Poznań, akawa karani wa kampuni ya bima. Akaoa, akapata mtoto wa kike na wa kiume. Kisha siku zikawa ngumu, kazi zikapotea. Nowak alijua kuandika vizuri, alijua kupiga picha, na alikuwa na kinga. Basi akaanza kusafiri katika nchi za Ulaya, akiuza habari na picha kwa magazeti. Mwaka 1928 alifika hata Tripoli, pwani ya Libya, lakini ugonjwa na ukosefu wa fedha vikamrudisha nyumbani.

Hakukata tamaa. Tarehe 4 Novemba 1931 aliaga mkewe na watoto, akapanda gari la moshi. Kinga aliyochukua ilikuwa imekwisha kutumika miaka saba. Shauri lake na mkewe lilikuwa hili: yeye atatuma barua na picha kutoka Afrika, mama atazipokea na kuzipeleka kwenye magazeti, na fedha itakayopatikana italisha nyumba. Mwezi uleule wa Novemba akashuka Tripoli, akaanza kukanyaga.

Katika nchi ya mchanga na mawe

Sisi tunaokaa penye mito na mvua si rahisi kulifahamu jangwa. Sahara ina ukubwa wa kilometa za mraba milioni 9 hivi, yaani karibu mara nne ya Kongo. Wengi hudhani kwamba yote ni mchanga. Sivyo. Mchanga ni kama robo tu. Sehemu kubwa ni mawe, kokoto na miamba mitupu. Kokoto hukata mipira ya kinga. Mchanga nao humeza gurudumu, na mtu sharti ashuke asukume. Ndugu zetu wa Kasai wanaosukuma kinga zenye magunia ya mahindi siku nyingi njiani wanaijua kazi hiyo. Lakini wao wakichoka, mbele kuna kijiji na mto. Jangwani kisima kinaweza kuwa mbali mwendo wa siku nyingi, na kila lita ya maji ni kilo moja zaidi juu ya kinga. Ukichukua maji mengi, huendi. Ukichukua machache, hufiki. Ndiyo hesabu ya jangwa.

Tena usiku wa jangwani si kama mchana. Wakati wa miezi ya baridi, jua likishuka tu, joto hukimbia, na mtu hutetemeka mpaka asubuhi. Halafu kuna upepo wa moto utokao kusini, ambao watu wa Libya wanauita gibli. Unapovuma hujaza mavumbi hewani, na mtu haoni njia tena. Na siku zile hata kando ya bahari barabara nzuri haikuwako: barabara kubwa ya pwani ya Libya ilimalizika mwaka 1937 tu.

Nowak alikwenda kwanza penye oasi, ndiyo mahali pa visima na mitende. Wakubwa wa Kiitalia waliotawala Libya hawakufurahi kumwona mgeni akizunguka peke yake, na sababu tunaijua. Walikuwa wamepigana na wenyeji miaka ishirini. Mwezi wa Septemba 1931, miezi miwili tu kabla Nowak hajafika, walimnyonga mzee Omar al-Mukhtar, kiongozi wa watu wa Barka, mbele ya watu wake. Na watu wapatao 100,000 walikuwa wamefukuzwa milimani pamoja na mifugo yao, wakafungwa katika kambi zilizozungushwa seng'enge, huko jangwani karibu na bahari. Maelfu na maelfu walikufa kwa njaa na magonjwa. Njia ya Nowak ilipita katika nchi hiyo yenye msiba.

Kwenda na kurudi

Kutoka Libya alifika Misri, akafuata mto Nil mpaka Sudan, akapita Uganda, Kongo ya mashariki na Rwanda, akaendelea kusini. Mwaka 1934 akafika rasi ya Agulhas, mwisho wa Afrika. Mtu mwingine angepanda meli na kurudi kwao. Yeye akageuka, akarudi kwa njia nyingine.

Katika Afrika ya Kusini-Magharibi, yaani Namibia ya leo, kinga ilikuwa imechakaa kabisa. Akaiacha, akapanda farasi. Katika Angola alitembea kwa miguu, kisha akashika njia ya mito: kwa mtumbwi alishuka mto Kasai na mto Kongo mpaka Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Toka huko akapanda kaskazini hata nchi ya ziwa Chad, akanunua ngamia, akaingia Sahara mara ya pili. Aliposhinda jangwa kubwa alimwacha ngamia, akapanda kinga tena kwa kilometa za mwisho. Mwezi wa Novemba 1936 akafika Alger. Safari yote ilikuwa kilometa 40,000 hivi.

Mji huu wa Alger si mgeni kwetu. Ndipo Kardinali Lavigerie alipoanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, na wana wake walifika ziwa Tanganyika mwaka 1879. Nao waliijua Sahara kwa machozi: mwaka 1876 mapadri watatu waliuawa humo safarini, na mwaka 1881 watatu wengine karibu na Ghadamès. Mtakatifu Charles de Foucauld naye aliuawa Tamanrasset tarehe 1 Desemba 1916.

Aliyoyaandika

Siku zile huko Polonia kulikuwa na chama kikubwa kilichotaka nchi yao nayo ipate koloni. Magazeti yangenunua kwa furaha habari za kusifu utawala wa wazungu. Nowak alihitaji fedha, maana watoto wake walikula kwa kalamu yake. Hata hivyo aliandika aliyoyaona: kazi ya shuruti, kodi, dharau. Aliandika pia juu ya watu maskini waliompa maji na mahali pa kulala. Labda mwana wa taifa lililotawaliwa na wengine alikuwa na macho ya kuona hayo.

Lakini tuseme kweli yote. Nowak aliweza kupita mipaka mingi kwa sababu alikuwa mzungu mwenye pasipoti. Katika miaka ileile Mkongo hakuweza kuacha usultani wake zaidi ya siku 30 pasipo karatasi ya ruhusa. Walioonana naye njiani walimpa maji, lakini wengi wao hawakuwa na ruhusa ya kuifuata njia yake.

Je, alifanya vema?

Alifika nyumbani mwisho wa mwaka 1936. Miaka mitano ya homa ya malaria na njaa ilikuwa imekula mwili wake. Alionyesha picha zake, akaeleza safari yake mbele ya watu, hata akafikiri safari nyingine ya Asia. Haikuwezekana. Tarehe 13 Oktoba 1937 akafa kwa ugonjwa wa mapafu, mwenye miaka 40. Mkewe aliyemngoja miaka mitano alikaa naye chini ya mwaka mmoja.

Watu wakamsahau. Mwaka 2000 Mpolonia mmoja, Łukasz Wierzbicki, alikusanya makala zake katika kitabu, na mwaka 2006 mwandishi Ryszard Kapuściński alifunua bamba la ukumbusho wake katika stesheni ya Poznań.

Wasomaji wapenzi, tumejiuliza: je, baba na aache nyumba yake miaka mitano? Jambo hili si la Polonia tu. Baba zetu na babu zetu wangapi walikwenda machimboni Katanga kutafuta chakula cha watoto, na mama akabaki kuhesabu miezi? Na leo wangapi wanakwenda mbali zaidi? Hatuwezi kumhukumu Nowak kwa urahisi. Kupenda safari kulikuwa ndani yake, hilo ni hakika. Lakini mkate wa watoto ulikuwa ndani ya safari vilevile. Nani awezaye kutenganisha vitu hivi katika moyo wa mtu? Mungu peke yake.

Ila sisi twaona mambo mawili. La kwanza: sifa ya safari ile si ya mwendaji peke yake. Nusu yake ni ya mama Maria Nowak, aliyebaki Poznań, akalea watoto wawili na kuzipeleka barua kwenye magazeti. Hakuna bamba la stesheni linaloeleza kazi kama hiyo, lakini pasipo yeye safari ingekufa. La pili: mtu anayeuza habari ili ale, naye asiuze ukweli, ameshinda jangwa lingine, na hilo halina oasi.

Basi, wewe unayesafiri, kumbuka anayengoja. Na wewe unayengoja, jua ya kuwa nawe u safarini.